Cranmer: Mtu Aliyefuta Kauli ya Kufuta Kauli

Sisi wa sheria, tukifika kwenye somo la ushahidi, lazima tukutane na kesi ya Tuwamoi dhidi ya Uganda ya mwaka 1967. Humo Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilitenganisha watuhumiwa wa aina mbili. Wa kwanza anasema maelezo yale ya polisi siyo yake, hakuyatoa kabisa. Wa pili anakubali kwamba aliyatoa, ila sasa anayarudisha kwa sababu alilazimishwa au alishawishiwa. Kitendo cha huyu wa pili kinaitwa kwa Kiingereza retract, na ndugu yake wa karibu ni recant. Semina yetu ilipita hapo haraka, mtihani ulikuwa karibu. Mimi nikabaki na hiyo recant kichwani, nikaamua kuitafuta kwenye maisha ya mtu aliyeilipia kwa mwili wake, Thomas Cranmer.

Kwanza neno lenyewe. Limetoka kwenye Kilatini, cantare, yaani kuimba, likawekewa re ya kurudi nyuma. Ni kama mtu anayerudi na kuuimbua wimbo wake mwenyewe. Retract ni pana zaidi. Jarida la kitaaluma likigundua kwamba makala ina data za kupika, linaiondoa, na hakuna anayeuliza moyo wa mhariri unasemaje. Recant inagusa imani. Mtu anasimama hadharani kukana kile alichokishikilia, na mara nyingi pembeni yake yupo mwenye nguvu anayesubiri kusikia.

Kiswahili chetu kinaligawa jambo hili vipande vipande. Bungeni Spika anaamuru mbunge afute kauli. Kanisani tunasoma Petro alivyokana. Mtaani wanasema jamaa kala matapishi yake, au kabadili gia angani. Angalia lakini usichanganye na kukanusha: anayekanusha anasema jambo halikuwa hivyo tangu mwanzo, kwa hiyo hana cha kurudisha.

Sasa tuje kwa Cranmer. Alizaliwa mwaka 1489 katika kijiji cha Aslockton, Nottinghamshire, Uingereza. Akiwa na miaka 14 aliingia Cambridge, Jesus College. Mnaochekwa kwa kuchelewa kumaliza mjipe moyo: shahada ya kwanza ilimchukua miaka 8. Baadaye alioa msichana aitwaye Joan, akapoteza nafasi yake chuoni kwa sababu ya ndoa. Joan akafariki wakati wa kujifungua, chuo kikampokea tena. Angeweza kuishia hapo, mwalimu mtaratibu mwenye vitabu vingi.

Mwaka 1529 siasa ikamkuta. Mfalme Henry VIII alitaka kuachana na Catherine wa Aragon, na Papa hakukubali. Cranmer akatoa wazo kwamba waulizwe wasomi wa vyuo vikuu vya Ulaya. Mfalme akalipenda. Ndani ya miaka minne mwalimu yule alikuwa Askofu Mkuu wa Canterbury, na Mei 1533 akatangaza kwamba ndoa ya mfalme na Catherine haikuwa ndoa. Siku alipowekwa wakfu alitakiwa kula kiapo cha utii kwa Papa. Alikila, lakini kabla ya kukila alitoa tamko rasmi kwamba kiapo hicho hakitamfunga kinyume cha mfalme wake. Yaani aliifuta kauli kabla hata haijamtoka mdomoni. Sisi wa sheria tunaweza kumpigia makofi kwa ufundi, ila mtu wa kawaida angeuliza sasa huyu anaamini nini hasa.

Chini ya Edward VI, mtoto wa Henry, alipata nafasi ya kuonyesha anachoamini. Mwaka 1549 kikatoka Kitabu cha Sala kwa Kiingereza, yeye akiwa kinara wa kazi hiyo, na mwaka 1552 kikatoka toleo la pili. Halafu Julai 1553 Edward akafa. Akaja Malkia Mary, Mkatoliki, binti wa yule Catherine aliyeachwa. Hapo hata mimi na wewe tungejua mzee kaisha. Alikamatwa, akatiwa hatiani kwa uhaini, kisha akapelekwa Oxford kujibu mashtaka ya uzushi. Tarehe 16 Oktoba 1555 alipandishwa mnarani atazame wenzake, maaskofu Latimer na Ridley, wakichomwa moto wakiwa hai.

Baada ya hapo walibadilisha mbinu. Walimtoa gerezani wakamweka kwenye nyumba nzuri ndani ya Christ Church, akala vizuri, akajadiliana na wasomi waliotumwa kumlainisha. Mtu wa miaka 66, mpweke, aliyeona moto kwa macho yake. Alianza kusaini. Kati ya mwishoni mwa Januari na Machi 1556 zilipatikana karatasi sita, kila moja ikimshusha zaidi ya iliyotangulia, hadi ya mwisho inayojilaani mwenyewe. Kwa kanuni za kanisa la wakati ule, mzushi wa mara ya kwanza aliyetubu kwa kawaida aliachiwa roho yake. Mary hakumwachia. Alitaka recant aipate, na moto uwake vilevile.

Tarehe 21 Machi 1556 walimsimamisha katika kanisa la chuo kikuu, St Mary's, asome kauli yake ya mwisho mbele ya watu. Hotuba ilikuwa imeandikwa na kuonyeshwa kwa wakubwa mapema. Alianza kama ilivyopangwa. Kisha akaiacha karatasi. Alisema aliyoyasaini aliyaandika kwa kuogopa kifo, kinyume na moyo wake, na kwamba kwa kuwa mkono wake ndio ulioandika, mkono huo utatangulia kuungua. Alimkataa Papa palepale. Kelele zikalipuka, wakamshusha na kumkimbiza kwenye moto. Moto ulipowaka aliunyoosha mkono wa kulia ndani yake, akaushikilia humo.

Kuna wanaomwona mwoga aliyepata ujasiri alipogundua kwamba kunusurika hakupo. Hoja hiyo naiheshimu, lakini mimi naisoma kwa upande mwingine. Sheria ya ushahidi inaipa uzito kauli ya mtu anayekufa, kwa fikra kwamba aliyefika mlangoni pa kifo hana faida ya kudanganya. Karatasi sita zilisainiwa na mtu aliyetarajia kupona. Ile ya kanisani ilitolewa na mtu asiyetarajia kitu. Mahakama yoyote makini ingejua ipi ya kuitilia shaka. Tuwamoi yenyewe inamtaka hakimu awe mwangalifu sana kabla ya kumtia mtu hatiani kwa maelezo aliyoyarudisha, na kwa kawaida atafute ushahidi mwingine wa kuyaunga mkono.

Hili si la Oxford peke yake. Vyuoni kwetu barua za kuomba radhi huandikwa mbele ya kamati, mwanafunzi akiwa anafikiria ada ya wazazi na bumu linaloweza kukatwa. Barua hubandikwa, ukumbi unatulia, kila mtu anadhani jambo limeisha. Mwenye makosa ya kweli na afute kauli, hilo ni jambo la heshima. Ila anayeikusanya barua kwa vitisho ajue alichopata ni saini tu. Utawala wa Mary ulikuwa na saini kibao na bado, dakika chache za mzee mmoja mimbarini zilizifanya zote kuwa karatasi za kufungia karanga.

Mary alifariki Novemba 1558. Mwaka uliofuata, chini ya Elizabeth, Kitabu cha Sala kilirudishwa, na tangu hapo kimetafsiriwa katika lugha nyingi, Kiswahili kikiwemo. Jumapili hii Waanglikana wa Muheza, Dodoma na Mombasa watasali kwa mpangilio ulioanzia kwake. Wengi wao hawajawahi kulisikia jina la Cranmer. Nao pia wanausoma mwandiko wa mkono uleule ulioungua kwanza.