Bernardino Ramazzini
Bernardino Ramazzini (Carpi, 4 Oktoba 1633 – Padova, 5 Novemba 1714) alikuwa daktari na profesa kutoka Italia. Anajulikana kama baba wa tiba ya magonjwa yatokanayo na kazi. Ni kati ya waandishi wa kwanza walioeleza kwa mpangilio jinsi vumbi la kazini linavyodhuru mapafu.

Maisha

Alizaliwa Carpi, karibu na Modena, akasomea falsafa na tiba huko Parma, ambapo alihitimu mwaka 1659. Alifanya kazi katika maeneo ya Roma, lakini aliugua malaria akarudi kwao. Mwaka 1682 alipewa kiti cha ualimu wa tiba katika Chuo Kikuu cha Modena, na mwaka 1700 alihamia Padova. Uzeeni alipofuka, ila aliendelea kufundisha hadi kifo chake.

Kazi

Inasimuliwa kwamba huko Modena alimwona mtu akizoa uchafu wa shimo la choo kwa haraka kubwa. Alipomuuliza sababu, alielezwa kwamba kazi hiyo huharibu macho. Tangu hapo alitembelea karakana za mafundi na kuwahoji wenyewe. Aliwashauri madaktari waongeze swali moja kwa kila mgonjwa: anafanya kazi gani?

Matokeo yake ni kitabu De Morbis Artificum Diatriba (1700), yaani maelezo kuhusu magonjwa ya mafundi. Toleo la pili la mwaka 1713 liliongeza kazi nyingine. Humo aliandika kuhusu wachimba madini, wachonga mawe, wasaga nafaka na wapepetaji. Kuhusu wanaochana kitani na katani (nyuzi za mmea wa bangi), alieleza kwamba vumbi laini huwaingia kooni na mapafuni, wakakohoa mfululizo na hatimaye kupumua kwa shida. Alishauri kufunika mdomo, kuosha uso mara kwa mara, na hata kubadili kazi mtu anapoona anadhurika. Ushauri huo wa mwisho ulikuwa mgumu kwa maskini wasio na kazi nyingine.

Umuhimu wake katika Afrika Mashariki

Neno katani hutumika Tanzania pia kwa mkonge, zao lililoletwa na Wajerumani mwaka 1893. Katika wilaya ya Same, mkonge umelimwa Ndungu, jirani na Kihurio, kwenye tambarare chini ya Milima ya Upare Kusini. Majani hupitishwa kwenye mashine ya korona, singa huanikwa juani, kisha husafishwa kwa mashine za brashi. Hatua hiyo ya brashi ndiyo yenye vumbi jingi.

Vumbi la singa linaweza kusababisha bisinosisi. Kwa kawaida mgonjwa hubanwa kifua siku ya kwanza ya kurudi kazini baada ya mapumziko ya wiki. Akiendelea kuvuta vumbi kwa miaka mingi, mapafu yanaweza kuharibika moja kwa moja. Utafiti kuhusu wafanyakazi wa mkonge Tanzania, uliochapishwa mwaka 1978, ulikuta ugonjwa huo ni wa kawaida zaidi kwa watu wa brashi kuliko kwa wasokotaji.

Kikohozi cha namna hiyo huweza kudhaniwa kuwa kifua kikuu au pumu ya kawaida kama mgonjwa hakuulizwa kazi yake. Swali la Ramazzini lina uzito wa kisheria pia. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri kuwakinga wafanyakazi, na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanza mwaka 2015, hulipa fidia kwa ugonjwa uliothibitika kutokana na kazi.

Kumbukumbu

Collegium Ramazzini, jumuiya ya kimataifa ya wataalamu wa afya ya kazi na mazingira iliyoanzishwa mwaka 1982, ina jina lake.