Nikola Tesla na Mashua Isiyo na Nahodha

Nikola Tesla alizaliwa mwaka 1856 katika kijiji cha Smiljan, kilichomo leo nchini Kroatia, akahamia Marekani mwaka 1884. Mwaka 1898 alionyesha jijini New York mashua ndogo iliyoongozwa kwa mawimbi ya redio. Alitumaini kwamba vyombo vya vita vya namna hiyo, kwa kutisha kwao, vingeyafanya mataifa yaache kupigana. Tumaini hilo halikutimia hadi alipofariki mwaka 1943, vita vikiendelea.

Hata hivyo, sisi walimu twapata somo ndani ya mashua ile. Mawimbi yaliyopokewa yalikuwa dhaifu mno kuzungusha mota. Basi Tesla alitenga njia mbili: mkondo mdogo wa amri ulivuta swichi ya sumaku tu, na swichi hiyo ndiyo iliyoruhusu mkondo mkubwa wa betri kuendesha rafadha na usukani.

Wanafunzi wetu waundapo vigari vya betri vya kushindana, tuwazoeze kutenga njia hizo. Nyaya tupu za betri zikigusana hupata moto wa kuunguza mkono wa mtoto. Kwa hiyo kila kiungo kifunikwe, na swichi ya kukata umeme iwekwe nje, mahali panapofikika upesi.