Salme, Binti wa Sultani Aliyeshika Kalamu

Wanachuo wenzangu, sisi wa Temeke na Kinondoni kikuba tunakijua: asumini na rehani vimefungwa pamoja, bibi harusi anakibandika kifuani. Ni kipambo, na ni manukato hapo hapo. Nikikiona namkumbuka Sayyida Salme.

Alizaliwa mwaka 1844 Mtoni, Unguja, binti wa Sultani Said bin Sultan. Wasichana wa kwao walifundishwa kusoma tu. Kuandika akajifunza kwa siri. Mwaka 1866, akiwa na mimba ya mfanyabiashara Mjerumani, Heinrich Ruete, alitoroka kwa manowari ya Waingereza. Huko Hamburg alijulikana kwa jina la Emily. Mwaka 1870 mume akafa kwa ajali ya tramu, akamwachia watoto watatu wadogo. Akadai urithi wake Unguja, wapi! Hakupewa.

Mwaka 1886 akatoa kitabu cha maisha yake. Mle yamo mavazi, vito na manukato ya wanawake wa jumba la baba yake. Alifariki Jena mwaka 1924, akazikwa na mchanga wa pwani ya Unguja aliokuwa ameutunza.

Mali walimnyima. Kumbukumbu za kwao tunazisoma mpaka leo, kwa kalamu ile ile aliyokatazwa.