Akufaaye kwa Dhiki
Michezoni twawasifu wafungaji, twawasahau wanaowafaa wenzao. Maurice Stokes, Mmarekani mweusi aliyezaliwa mwaka wa 1933, alituzwa mwaka wa 1956 kuwa mchezaji chipukizi bora wa mpira wa vikapu wa kulipwa nchini mwake. Mnamo Machi 1958 alianguka uwanjani akagonga kichwa. Siku tatu baadaye akapooza mwili mzima, asiweze hata kusema. Alikuwa na miaka 24 tu. Mchezaji mwenzake, Mzungu Jack Twyman, akawa mlezi wake kisheria, akaandaa mechi za kuchangia matibabu, wala hakumwacha hadi Stokes alipofariki mwaka wa 1970. Ubaguzi wa rangi uliokuwa umetanda Marekani haukumzuia. Walimu, hilo nalo tulifunze viwanjani.