Emin Pasha na Lugha Iliyobaki Kibera

Nilipoanza kujifunza Kinubi nilikuwa na kiburi cha mtu wa pwani aliyepita chuoni. Nilijua kuwa lugha hiyo imezaliwa na Kiarabu, nikadhani wiki mbili zitanitosha. Mimi nimepanga chumba Kawangware, upande ule uitwao Kongo, na kila Jumamosi hushuka hadi Makina, Kibera, kwa bibi mmoja wa Kinubi. Siku ya kwanza nilimtolea kitenzi cha Kiarabu kwa minyambuliko yake yote kama alivyonifunza maalim, naye akacheka hadi akashika mbavu.

Kwa Kinubi, mimi ni ana, wewe ni ita, na kitenzi hakimjui msemaji ni nani. Ana kelem ni nilisema. Ana gi kelem ni ninasema. Ana bi kelem ni nitasema. Ukishaijua gi na bi umevuka mto. Ile ain iliyotutoa jasho utotoni haimo kabisa. Tena si maneno yote ni ya Kiarabu: mtoto ni nyereku, neno walilolichukua kwa Wabari wa Sudani ya Kusini.

Nilipomwuliza bibi lugha hii ilianzia wapi, alinitajia mababu zake waliokuwa askari, kisha akalitaja jina la Emin Pasha.

Bwana huyo hakuwa Mwarabu wala Mturuki. Alizaliwa mwaka 1840 huko Oppeln, katika Ujerumani ya siku zile, katika nyumba ya Mayahudi, akaitwa Eduard Schnitzer. Baba yake alifariki yeye angali mdogo, mama akaolewa tena, mtoto akabatizwa. Alisomea udaktari, lakini hakupata ruhusa ya kuganga kwao. Basi akaenda dola ya Uthmaniya, akawa daktari wa karantini kwenye bandari ya Antivari, na huko ndiko kipaji chake kilikojitokeza. Alijifunza Kituruki, Kialbania na Kigiriki. Mwishoni mwa 1875 alifika Khartoum akiwa na jina la Mehmed Emin, na mwendo wa Kiislamu. Kama alisilimu kwa moyo au kwa kanzu tu, Mungu ndiye ajuaye. Wanaoandika habari zake hawajaafikiana.

Jenerali Gordon alimchukua akawe mganga mkuu wa jimbo la Equatoria, akamtuma kwa Kabaka Mutesa wa Buganda na kwa Kabarega wa Bunyoro. Kwa Mutesa alisema Kiganda, na jambo hilo lilimpa heshima. Alikusanya maneno ya Kiganda na ya Kinyoro akayapeleka Ujerumani, pamoja na ndege wengi aliowakausha. Mwaka 1878 akawa gavana.

Askari wa jimbo hilo walitoka katika makabila mengi ya Sudani ya kusini, wengi wakiwa wametwaliwa kwa nguvu. Amri zilikuwa za Kiarabu. Hapakuwa na maalim wala ubao. Mtu aliokota neno la kumwezesha kula, kulinda zamu na kuoa, akaliacha lile la kumsumbua ulimi. Watoto waliozaliwa kambini waliyakuta maneno hayo nyumbani, wakayafanya lugha ya mama. Kanuni ile ya gi na bi ni kazi ya watu hao.

Mwaka 1885 Khartoum iliangukia mikononi mwa watu wa Mahdi, na Emin akakatikiwa na dunia. Stanley alimfikia mwaka 1888, na baadaye mwaka huo huo askari wenyewe walimwasi gavana wao, wakamfunga Dufile. Hatimaye aliachiliwa, akaondoka na Stanley mwaka 1889. Askari wengi walibaki nyuma.

Walifika Bagamoyo mwezi Desemba. Usiku wa karamu, Emin, ambaye macho yake yalikuwa mabovu mno, alianguka dirishani akavunjika fuvu. Alipopona alikataa kurudi Ulaya, akajiunga na Wajerumani, akaanzisha kituo cha Bukoba mwaka 1890.

Mwaka 1891 alikutana tena na askari wake magharibi ya Ziwa Albert, akawataka wamfuate. Lugha zote alizokuwa nazo hazikumsaidia siku hiyo. Mkubwa wao, Selim Bey, alisema bwana wake ni Khedive wa Misri. Wachache tu walimfuata. Miezi michache baadaye Lugard aliwachukua waliobaki, akaenda nao Uganda kuwa askari wa Waingereza.

Emin aliuawa Oktoba 1892 huko Kinena, katika Kongo ile kubwa, si hii ya kwetu Kawangware. Waliotoa amri walikuwa wakuu wa biashara wa Kiarabu na Kiswahili, yaani watu wa damu yetu ya pwani. Habari hiyo hatuisimulii sana.

Wanubi walitumikia jeshi la Mwingereza hadi wakapewa makazi kwenye msitu ulio nje ya Nairobi, wakauita Kibra, maana yake msitu. Mwaka 1918 eneo hilo, zaidi ya ekari 4,000, lilitangazwa rasmi kuwa ardhi ya jeshi. Hati waliyopewa Wanubi mwaka 2017 ilikuwa ya ekari 288.

Juzi nilimsimulia bibi habari zote hizi kwa Kinubi changu kibichi. Alinisikiliza bila kunikatiza hadi nilipofika kwenye safari ya Bagamoyo, ndipo aliponizuia kwa mkono. Nilikuwa nimetia bi mahali pasipotakiwa, nikasema kwamba Emin atawaacha askari wake.