Nyumba Ndogo ya Nyeri

Soma Waebrania 11:8–10.

Robert Baden-Powell, mwanzilishi wa Skauti, aliishi Uingereza katika nyumba kubwa, Pax Hill. Mwaka 1938, akiwa na miaka 81 na afya imedhoofika, alihamia Nyeri, Kenya, pamoja na mkewe Olave. Nyumba yao ndogo waliiita Paxtu. Majina yote mawili yana neno la Kilatini la amani. Alifariki Januari 8, 1941. Kaburi lake lina duara lenye nukta katikati, alama ambayo kwa Skauti humaanisha amekwenda nyumbani. Hata Paxtu ilikuwa hema tu, kama la Ibrahimu.

Tafakari: Mstaafu wa Bariadi anayepunguza mali ili ahamie mbali, achukue nini na aache nini? Nyumbani kwako ni wapi?