Mwanafunzi Aliyeitwa Gesi

Katika mikutano yetu ya kila mwaka hatukosi kumsikia mzazi akilalamika kwamba kijana wake wa kidato cha tatu hana habari na masomo, akili yote iko kwenye mpira, au gitaa, au redio mbovu anazozifungua na kuzifunga. Kwa ajili ya wazazi hao naleta habari za Charles Darwin.

Alizaliwa tarehe 12 Februari 1809 mjini Shrewsbury, Uingereza, mtoto wa daktari mwenye mali. Mama yake alifariki mwaka 1817, na mwaka uliofuata, akiwa na miaka 9, akatiwa bweni katika shule ya mji huohuo. Alikaa huko miaka 7.

Shule ile ilifundisha Kilatini na Kiyunani, pamoja na jiografia na historia ya kale kidogo. Sayansi haikuwamo. Asubuhi, wakati wa sala, Darwin aliweza kukariri mistari 40 au 50 ya Virgil au Homer, na baada ya siku mbili hakumbuki hata mmoja. (Wako wenzangu wa bwenini wanaoifahamu sana elimu ya namna hiyo.)

Moyo wake ulikuwa kwingine. Alikusanya mawe, makombe, sarafu na wadudu. Tena wadudu aliwaokota waliokufa tu, kwani yeye na dada yake waliona si haki kuua kiumbe kwa ajili ya mkusanyo. Kwao kulikuwa mwendo wa maili moja. Mara nyingi, baada ya kuitwa majina na kabla ya milango kufungwa usiku, alikwenda nyumbani, kisha akarudi mbio huku akimwomba Mungu asichelewe. Alikuwa na mbio nzuri, lakini sifa zote alizipa sala zake.

Kaka yake Erasmus alikuwa amegeuza banda la vifaa vya bustani kuwa maabara ya kemia, na Charles akawa msaidizi wake. Walichanganya madawa na kutengeneza gesi hadi usiku mwingi. Habari zikafika shuleni, na wanafunzi wakambandika jina la Gesi. Zikamfikia pia Mwalimu Mkuu, Dkt. Samuel Butler, ambaye alimkaripia mbele ya wenzake kwa kupoteza wakati katika mambo yasiyo na faida, akamwita kwa neno la kigeni ambalo mtoto hakulielewa, hata akadhani ametukanwa tusi zito.

Ni rahisi kumcheka Dkt. Butler leo. Lakini alipoipokea shule ile mwaka 1798 ilikuwa imedidimia, naye akaiinua hata wanafunzi wake wakawa wakishinda tuzo za Cambridge na Oxford, na tuzo hizo zilikuwa za Kilatini na Kiyunani. Banda la bustani lisingemletea hata moja.

Baba naye alikata tamaa. Alimwona mwanawe hapendi ila bunduki, mbwa na kukamata panya, akamtoa shuleni mapema mwaka 1825 na kumpeleka Edinburgh kusomea udaktari. Kijana hakuweza kuvumilia upasuaji, ambao siku hizo ulifanywa bila dawa ya usingizi, akaacha mwaka 1827. Akapelekwa Cambridge ili awe kasisi, na huko mbawakawa wakamteka kabisa. Siku moja, akiwa ameshika mmoja kila mkono, alimwona wa tatu. Akamtia mmoja mdomoni ili apate nafasi, na yule akamtemea maji makali ya kuunguza. Hata hivyo alipata shahada mwaka 1831.

Mwaka huohuo alialikwa kusafiri na meli Beagle. Baba alikataa, mpaka mjomba wake Josiah Wedgwood alipomtetea. Safari ilichukua karibu miaka 5, na kutoka humo kikatoka kitabu cha mwaka 1859 juu ya asili ya viumbe. Darwin alifariki mwaka 1882, akazikwa Westminster Abbey.

Mwaka 1897 sanamu yake ilisimamishwa Shrewsbury, mbele ya jengo la shule ya zamani, ambalo baadaye lilifanywa maktaba ya mji. Amechongwa ameketi kitini, na shule iko nyuma yake.